Kaunti zilazimishwe na sheria kutunza maktaba

Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili, mpwa wangu aliye kidato cha tatu aliniomba nimpeleke maktaba. Kwao ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, wadogo zake ni watatu, na redio ya jirani haijui saa za kulala. Nikafurahi kwa ombi hilo, kwani si kila kijana wa umri wake huiona likizo kuwa wakati wa kusoma. Tukaabiri matatu hadi makao makuu ya kaunti, tukashuka, tukatembea hadi kwenye jengo ambalo mimi mwenyewe nililizoea tangu ujana wangu. Tulikuta kufuli mlangoni.

Bawabu, mzee mwenye adabu zake, alituambia kwamba mlango huo umefungwa tangu Februari. Umeme ulikatwa kwa sababu ya deni, msimamizi akahamishwa, na magazeti yalikuwa yamekoma kuletwa kitambo kabla ya hayo. “Vitabu vimo, mwalimu,” akasema, “lakini mimi sina ufunguo wa ndani.” Mpwa wangu akaketi kwenye ngazi, akafungua daftari lake la bayolojia, akaanza kusoma papo hapo juani.

Mimi nilikwenda katika afisi za kaunti kuuliza. Karani wa kwanza alinieleza kwa upole kwamba maktaba ni za serikali kuu, wao hazimo katika hesabu yao. Nilipowasiliana na wahusika wa upande wa pili, nikajibiwa kwa upole uo huo kwamba kazi ya maktaba ilikwishagatuliwa, kwa hivyo nirudi kwa kaunti. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa, hata hivyo, mambo yalikuwa kinyume: kila nahodha alikuwa akimwonyesha mwenziwe usukani, na chombo chenyewe kimetia nanga mchangani.

Sina nia ya kuwalaumu makarani wale. Nilirudi nyumbani nikaketi na Katiba, nikaisoma kama nisomavyo matini yoyote nyingine, kwa jicho la mwanaisimu, nikagundua kwamba kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kusema alichosema.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 ndilo linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Katika Sehemu ya Pili, aya ya nne, inayohusu shughuli za utamaduni, burudani za umma na huduma za umma, utalikuta neno ‘maktaba’. Limetanguliwa na kamari na nyumba zake, mashindano ya mbio, leseni za vileo, sinema, na maonyesho ya video pamoja na kuzikodisha. Limefuatwa na makavazi, michezo, bustani na fuo za bahari. Nawaachia wasomaji waamue wenyewe kama ni heshima kwa kitabu kuketishwa kwenye mkeka mmoja na chupa. Linalonishughulisha mimi ni jambo jingine. Orodha hiyo yote ni ya nomino. Hakuna kitenzi. Kaunti imepewa neno ‘maktaba’, lakini haikuambiwa ijenge, ifungue, inunue, iajiri wala itunze. Mwanafunzi wa darasa la sita akiniandikia sentensi ya namna hiyo, nitaizungushia kalamu nyekundu na kumwuliza: maktaba zimefanyaje?

Wanasheria watanikosoa, na wana haki. Watasema kwamba kazi ya jedwali ni kugawa mamlaka, si kuamuru. Naam, hapo ndipo tulipo. ‘Mamlaka’ na ‘wajibu’ ni maneno mawili tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na hayajawahi kuwa na maana moja. Mamlaka ni ndugu wa ‘kumiliki’, ‘milki’ na ‘malkia’. Mwenye mamlaka anacho kitu, na akitaka atakitumia, asipotaka atakiacha kabatini. Mwenye wajibu hana hiari hiyo. Gavana aliyepewa maktaba kama milki anaweza kuzifunga zote kesho na asiwe amekwenda kinyume cha jedwali hata kidogo.

Kuna mahali pengine katika Katiba iyo hiyo ambapo maktaba zimepewa kitenzi, na nashangaa kwamba pahali hapo hapatajwi mara nyingi. Ni Kifungu cha 11, kinachohusu utamaduni. Kinaitaka Dola ikuze maonyesho ya utamaduni wa taifa kupitia fasihi, sanaa, sayansi, habari, machapisho, maktaba na urithi mwingine. Lugha yake ni ya kuamuru. Na Dola, kwa mujibu wa ufafanuzi uliomo katika Kifungu cha 260, ni jumla ya afisi na vyombo vyote vya serikali ya Jamhuri, wala si Nairobi peke yake. Kwa hiyo wajibu upo, ila umewekwa mabegani pa watu wote kwa pamoja, na kila aliyewahi kuishi katika nyumba ya kupanga yenye choo kimoja anajua kitu cha wote huoshwa na nani.

Hali hii haikuanza juzi. Maktaba zetu za mwanzo zilitokana na hisani ya matajiri, wala si sheria. Mombasa ilipata chumba cha kusomea chenye jina la Seif bin Salim mwaka 1903. Nairobi ilipata McMillan mwaka 1931, jengo lile lenye nguzo nyeupe na simba wawili mlangoni, katika barabara inayoitwa Banda leo. Lilijengwa kumkumbuka Northrup McMillan, bwanyenye mzaliwa wa Marekani, kwa juhudi za mjane wake Lucie na fedha za wakfu wa Carnegie. Mwaka 1938 likatungiwa sheria yake peke yake, ambayo ingalimo katika vitabu vya sheria za nchi hii, Sura ya 217. Tafakari jambo hilo, msomaji. Jengo moja lina sheria, ilhali huduma yenyewe, katika miji yote iliyobaki, haina. Fauka ya hayo, kwa miaka mingi ya mwanzo jengo hilo lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika alilipita nje, mpaka lilipokabidhiwa Baraza la Jiji mwaka 1962 na milango ikafunguliwa kwa wote.

Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha mwaka 1965 sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa. Sheria hiyo ilikuwa na vitenzi, tena vya kutosha: kukuza, kuanzisha, kuendesha, kutunza na kuendeleza maktaba nchini. Nami ni mmoja wa mazao ya vitenzi hivyo. Katika miaka ya tisini, nilipokuwa shule ya upili, nilisoma riwaya zangu nyingi za kwanza za Kiswahili katika tawi la bodi hiyo, kwenye meza ndefu iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, nikiwa nimekalia kiti kilichonyofoa suruali za wengi. Hayakuwa mahali pa fahari. Lakini palikuwa wazi, na hapakuwa na mtu wa kukuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, jina la mwenye mamlaka likabadilika, lakini bodi ya 1965 ikabaki na sheria yake, na majengo, wafanyakazi na mishahara vikawa mambo ya kuvutiwa huku na huku kwa miaka. Nani alipe mshahara wa mkutubi? Hati ya shamba lenye jengo iko kwa nani? Vitabu vilivyomo rafuni ni mali ya nani? Maswali haya si ya kinadharia, kwa kuwa deni la umeme haliulizi kuhusu ugatuzi. Likifika, lazima mtu fulani alilipe.

Wakazi wa miji mikubwa nao wasidhani kwamba kupandishwa hadhi kuwa jiji kumewatatulia neno. Nairobi na Mombasa ni majiji na kaunti kwa wakati mmoja, kwa hiyo huko mwenye jiji na mwenye kaunti ni yule yule. Lakini Kisumu, Nakuru iliyopata hadhi hiyo mwaka 2021, na Eldoret iliyofuata mwaka 2024, zina bodi ambazo kwa sheria ya miji ya mwaka 2011 huendesha mambo kwa niaba ya serikali ya kaunti. Bodi ya jiji haina mfuko wake wa kodi wala bunge lake la kutunga sheria. Haiwezi kuipa maktaba kile ambacho kaunti haijaipa yenyewe.

Tuwatazame basi waliotuachia mtindo huu wa sheria. Uingereza ilipitisha Sheria ya Maktaba za Umma mwaka 1850, kwa juhudi za mbunge William Ewart. Ilipingwa vikali. Mbunge mmoja, Kanali Sibthorp, alisimama Bungeni akakiri kwamba yeye hakupenda kusoma hata kidogo, na kwamba alikuchukia kusoma tangu alipokuwa Oxford. (Wako wengi wa jamaa yake katika mabunge ya leo, tofauti ni kwamba hawakiri.) Sheria yenyewe ilikuwa ya ruhusa tu. Mji wenye watu zaidi ya 10,000 uliruhusiwa, ukipenda, na endapo thuluthi mbili za walipa kodi waliopiga kura watakubali, kutoza nusu peni kwa kila pauni ya kodi ya nyumba kwa ajili ya maktaba. Kiingilio kilikatazwa, maktaba iwe bure. Lakini fedha hizo hazikuruhusiwa kununua vitabu! Zingejenga, zingewasha taa, zingemlipa msimamizi. Vitabu vilitarajiwa kuletwa na wahisani. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1855, nusu peni ikawa peni moja na ununuzi wa vitabu ukakubaliwa.

Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi ninapoona mawe ya msingi yakiwekwa katika miji yetu. Viongozi wetu wanaipenda sheria ya 1850 bila ya kuijua. Jengo linaweza kukatiwa utepe, likapigwa picha, likaandikwa jina la mgeni wa heshima kwenye bamba la shaba. Kitabu hakikatiwi utepe. Ndiyo maana utaona ukuta mpya uliopakwa rangi ya kuvutia, na ndani yake rafu zenye miongozo ya mitihani ya mtaala uliokwishaachwa.

Waingereza walikaa na sheria za ruhusa zaidi ya miaka mia moja. Miji iliyopenda, kama Manchester iliyofungua maktaba yake mwaka 1852 chini ya Edward Edwards, mtu aliyeanza maisha yake kama mwashi, ilisonga mbele. Iliyokataa ilikataa, na mtoto aliyezaliwa huko alikosa kwa sababu tu ya mahali alipozaliwa. Ni mwaka 1964 ndipo kitenzi kilipobadilika kwa Uingereza na Wales. Sheria ya mwaka huo ilizilazimisha mamlaka za maktaba kutoa huduma kamili na yenye ufanisi kwa kila anayetaka kuitumia, na ikampa waziri jukumu la kuzisimamia na uwezo wa kuchunguza zinapozembea.

Je, kitenzi hicho kimezuia milango kufungwa huko? La, haikuwa hivyo, na sitaki kuwauzia wasomaji mbuzi kwenye gunia. Tangu fedha za mabaraza zilipopunguzwa kuanzia mwaka 2010, mamia ya maktaba yamefungwa nchini humo, sheria ikiwapo. Lakini angalieni yaliyotokea Wirral, karibu na Liverpool, mwaka 2009. Baraza la huko liliamua kufunga maktaba 11 kati ya 24. Wakazi wakalalamika, waziri akaagiza uchunguzi, ikabainika kwamba baraza lilikuwa limekiuka wajibu wake kwa kuwa halikupima mahitaji ya watu wake kabla ya kuamua. Mpango huo ukaachwa. Wakazi wale hawakuwa na fedha kuliko baraza lao. Walichokuwa nacho ni kitenzi cha kushikilia. Mimi na mpwa wangu, mbele ya kufuli letu, hatukuwa nacho.

Najua nitajibiwa nini. Kaunti zina zahanati zisizo na dawa, shule za chekechea zisizo na vyoo, na barabara ambazo mvua ikinyesha huwa mito. Mwenye njaa hapewi kitabu. Hoja hii ina uzito, na mtu anayeidharau hajawahi kumpeleka mgonjwa zahanati ya mashambani. Hata hivyo, ningeomba tutazame ni fedha ngapi zinazoombwa. Maktaba ya mji mdogo yahitaji mkutubi na msaidizi, umeme, magazeti, paa lisilovuja, na kiasi fulani cha vitabu kila mwaka. Ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na safari za waheshimiwa na vikao vyao vya mahoteli ya pwani. Isitoshe, mtaala mpya unamtaka mwanafunzi afanye utafiti, akusanye habari, alete mradi. Akaufanyie wapi? Wenye intaneti nyumbani watatafuta humo. Wengine watamlipa mwenye kibanda cha kompyuta awatafutie, na mwalimu atapokea nakala 40 za ukurasa mmoja. Walimu wenzangu wanajua kwamba sitii chumvi.

Wako pia wanaosema kwamba wahisani watatusaidia. Nairobi imepata bahati hiyo. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliafikiana na kaunti mwaka 2018 na kuyarekebisha matawi ya Kaloleni na Makadara, yaliyokuwa yamechakaa. Ni kazi inayostahili sifa, na nawapa mkono. Lakini hisani ndiyo iliyoanzisha maktaba zetu mwaka 1903 na 1931, nasi ni miaka mingi tangu tuwe taifa linalotoza kodi. Na miji isiyo na Book Bunk je?

Mabunge ya kaunti yana uwezo kamili wa kutunga sheria juu ya jambo hili. Kifungu cha 185 kimewapa. Kaunti ambayo imekwisha kufanya hivyo kwa maneno ya kulazimisha, heko kwake. Ile ambayo haijafanya, au iliyoandika kwamba gavana ‘anaweza’ kuanzisha maktaba ‘inapofaa’, iandike upya. Sheria iseme ‘lazima’, au ‘sharti’, au ‘itaanzisha na kuitunza’. Kiswahili hakina uhaba wa namna za kuamuru. Iseme kwamba kuingia na kusoma ni bure. Itenge fungu la vitabu lisiloweza kuhamishiwa saruji, na ndani ya fungu hilo pawe na sehemu ya vitabu vya Kiswahili, ambayo ni lugha ya taifa na lugha rasmi, na ambayo rafu zake kwa kawaida ndizo zenye vumbi jingi na majalada machache. Iseme pia kwamba maktaba haifungwi kabla ya wakazi kusikizwa. Penye mzozo na bodi ya kitaifa juu ya majengo na wafanyakazi, Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali hizi mbili kuhamishiana kazi kwa mapatano. Wapatane basi kwa maandishi, na maandishi hayo yabandikwe mlangoni ili bawabu ajue ufunguo uko kwa nani.

Nilipokuwa nikifundisha somo la etimolojia muhula uliopita, niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba ‘maktaba’, ‘kitabu’, ‘katibu’, ‘mkataba’ na ‘katiba’ ni watoto wa mzizi mmoja, wenye maana ya kuandika. Mmoja wao, msichana anayeketi nyuma na ambaye aghalabu husinzia, akauliza kama hiyo ina maana kwamba asiye na maktaba hana mkataba. Darasa lilicheka. Mimi sikumjibu siku hiyo.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, sehemu ya 15, inampa mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria juu ya jambo lililo chini ya mamlaka yake. Nimeandika ombi la namna hiyo, kurasa mbili, kwa Kiswahili, na nimewaomba walimu wa shule tano za mji wetu walipitishe katika vyumba vyao vya walimu kabla ya makadirio ya bajeti kujadiliwa. Nimelisoma tena na tena neno lililotumiwa na sheria hiyo. Limeandikwa ‘mtu’. Halikuandikwa mpiga kura, wala mlipa kodi, wala mwenye kitambulisho. Kwa hiyo sahihi ya kwanza kwenye karatasi yangu, kwa wino wa buluu na hati iliyoinamia kushoto, ni ya mwanafunzi wa kidato cha tatu.